Maji ya tangi la samaki yanapungua kila siku: yanakwenda wapi?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina tangi la kioo la lita 120, urefu wake sentimita 80 na upana 35, lina samaki 12. Huu mwezi wa pili sasa maji yanashuka kila siku kama upana wa kidole, na kila asubuhi naongeza jagi moja la lita 2. Sakafu ni kavu, lakini kabati la chini, ilipo filta ya kusafishia maji, nahisi lina harufu ya unyevu. Nimeshauriwa nimwage maji yote nipake silikoni upya. Je, nianzie hapo? Nilitaka kusahau: mfuniko niliutoa nilipofunga taa mpya.*

Marahaba, na asante kwa kutaja vipimo. Wengi huniandikia kwamba maji "yanapungua sana" wakaishia hapo. Silikoni, ile gundi inayoziba kona za kioo, usiiguse kwanza.

Barua yako ina mambo mawili yasiyopatana. Uso wa maji kwenye tangi lako ni sentimita 80 kwa 35, yaani sentimita za mraba 2,800. Maji yakishuka milimita moja, umepoteza mililita 280. Jagi lako la lita 2 ni sawa na milimita 7 na kidogo. Upana wa kidole ni milimita 15 au zaidi, na hizo ni lita 4 na ushei. Kama kweli maji yangekuwa yanashuka kidole kizima kwa siku nawe unarudisha jagi moja tu, baada ya wiki tangi lingekuwa limeteremka zaidi ya sentimita 5, na usingehitaji kuuliza mtu. Kwa hiyo kimoja kati ya hivyo viwili kimekadiriwa kwa jicho, na mimi namshuku kidole. Jicho la mwenye wasiwasi huongeza.

Tofauti hiyo si ndogo. Milimita 7 kwa siku ni nyingi mno kwa tangi lililofunikwa, lakini kwa tangi lililo wazi lenye hita, na hasa kama kuna feni au kiyoyozi chumbani, si ajabu hata kidogo. Milimita 15 kila siku ningekuambia uwaandalie samaki ndoo usiku huu huu. Ndiyo maana ile sentensi yako ya mwisho, ya mfuniko, uliyotaka kuisahau, naiona kuwa ndiyo habari kubwa ya barua nzima.

Maji ya moto kiasi, uso ulio wazi na hewa inayotembea: hivyo vitatu vikikutana, maji yanaliwa na hewa mchana na usiku. Kasi yake hutegemea ukavu wa hewa ya chumba na tofauti ya joto kati ya maji na hewa hiyo. Watu hushangaa wakiona tangi linapoteza maji mengi zaidi kipindi cha baridi, lakini hita inashikilia maji kwenye nyuzi 25 au 26 wakati hewa iliyo juu yake imepoa, na hapo mvuke hutoka kwa wingi. Feni inafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine. Mvuke uliotulia juu ya maji ni kama kablanketi kembamba kanakozuia mvuke mwingine kutoka. Feni inaupeperusha mvuke huo kabla haujatulia. Mapovu ya pampu ya hewa nayo huongeza kidogo, maana yanautikisa uso na kurusha matone madogo ambayo hayarudi yote. Mfuniko ulikuwa unayarudisha. Yale matone uliyokuwa ukiyaona yamening'inia chini ya mfuniko asubuhi ndiyo sehemu ya jagi unalomimina leo.

Hata hivyo sitaki uniamini kwa maneno. Pima.

Tafuta chombo cha plastiki chenye kuta zilizosimama wima na mdomo mpana, kama kopo la kuhifadhia chakula. Kioshe kwa maji matupu, bila sabuni. Kijaze maji ya tangi mpaka karibu na ukingo, kisha kiweke ndani ya tangi lenyewe, kikisimama juu ya jiwe au kikiwa kimebanwa pembeni, namna kwamba maji ya ndani ya chombo na maji ya nje yalingane urefu na ukingo wa chombo ubaki juu kidogo tu. Watu wengi huliweka bakuli juu ya meza kando ya tangi, na hapo ndipo kipimo kinapoharibika: maji ya mezani yanapoa, ya tangi yana hita, kwa hiyo bakuli litapoteza kidogo na utadhani tangi linavuja. Chombo kikiwa ndani, joto ni lile lile na hewa ni ile ile. Kiweke mbali na mapovu na mbali na mdomo wa filta, maji ya tangi yasije yakarukia ndani.

Bandika kipande cha tepu kwenye kioo cha tangi kwa nje, na kingine kwenye chombo, uchore mstari mwembamba pale maji yalipo. Inama jicho lilingane na maji. Ukisoma kutoka juu utakosea milimita 2 au 3, na milimita hizo ndizo tunazozitafuta. Kisha usiongeze maji kwa saa 48. Samaki hawatadhurika kwa upungufu wa sentimita moja na nusu, ila hakikisha hita inabaki imezama na mdomo wa filta haunyonyi hewa.

Baada ya siku mbili pima kwa rula. Vikiwa vimeshuka sawa, au tangi limezidi kwa milimita moja hivi, maji yako yanakwenda hewani; hiyo moja ni haki ya mapovu na mawimbi ambayo chombo hakina. Lakini tuseme chombo kimeshuka milimita 8 na tangi 14. Hapo kuna milimita 6 ambazo hewa haizijui. Zidisha kwa mililita 280: lita 1.68 kwa siku mbili, karibu mililita 840 kwa siku. Na usidhani uvujaji wa kiasi hicho lazima uonekane kama bomba. Tone moja lina takriban mililita 0.05. Tone moja kila sekunde 5 ni matone 17,280 kwa siku, yaani mililita 864. Unaweza kukaa chumba hicho hicho ukisoma gazeti usilisikie.

Kuna ushahidi mwingine ambao huenda umeshakusanyika wenyewe bila wewe kujua. Maji yakigeuka mvuke huondoka peke yake, chumvi na chokaa vinabaki. Yakivuja huondoka na kila kilichomo. Wewe umeongeza lita 2 kwa siku kama 60, hizo ni lita 120: umelimimina tangi zima upya. Kama yote yalikwenda hewani, na kama hukuwa ukibadilisha maji, madini ya tangi zima la maji ya bomba yamejirundika juu ya yale yaliyokuwemo. Ukiwa na kile kipimo kidogo cha kielektroniki cha madini yaliyoyeyuka, pima maji ya bomba, kisha pima ya tangi. Tangi likisoma karibu mara mbili ya bomba, hewa ndiyo mlaji. Yakikaribiana, ama kuna uvujaji, ama ulikuwa unabadilisha maji vya kutosha kuyafuta madini. Hilo unalijua wewe. Wafugaji wa samaki wa maji chumvi wana bahati kwenye jambo hili, kwa sababu wanapima chumvi mara kwa mara. Maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, yakipungua kwa mvuke sehemu moja ya kumi, hufika karibu gramu 39. Yakipungua kwa kuvuja hubaki 35. Ndiyo maana na wao hurudishia maji baridi, si ya chumvi, kwa kilichokwenda hewani.

Sasa twende kabatini, maana ile harufu sitaipuuza. Inaweza kuwa mvuke tu uliojifungia kwenye kabati lisilopitisha hewa, na inaweza kuwa filta. Katika matangi niliyowahi kuitwa kuyatazama, pale palipokuwa na uvujaji wa kweli, kioo ndicho kilikuwa na kosa mara chache zaidi. Mara nyingi ilikuwa filta, mipira yake au kitu kilichoning'inia ukingoni.

Chomoa plagi kwanza, kila moja, kabla ya kuingiza mkono mahali penye maji na umeme. Toa vitu vyote kabatini, futa kila kitu kikauke kabisa, kisha isimamishe filta ndani ya beseni kavu lililotandikwa tishu nyeupe. Zungushia kipande cha tishu kila kiungio cha mpira na ukifunge kilegevu kwa uzi. Washa, funga kabati, nenda kalale. Asubuhi usitazame tu kama tishu zimelowa. Tazama ipi iko juu zaidi kati ya zilizolowa. Maji hutembea kwenye mpira kama mchwa kwenye ukuta: yanatoka kwenye kiungio cha juu, yanateleza nusu mita, yanadondokea pale mpira unapopinda. Ukifuata tone utarekebisha mahali pasipo na kosa. Angalia pia mbao za kabati. Ubao wa mbao za kusagwa ukionja maji huvimba kwenye kingo na gundi huachia, na ukiuona hivyo ujue jambo ni la muda mrefu. Ukoko mweupe kwenye kiungio una maana hiyo hiyo: maji yanatoka polepole kiasi kwamba yanakaukia hapo hapo na kuacha chokaa.

Ikilowa tishu ya chini ya kifuniko cha filta, mshukiwa ni ule mpira wa pete unaoziba kati ya ndoo ya filta na kichwa chake. Utoe, uoshe, upitishe polepole kati ya vidole viwili. Chembe moja ya mchanga, au unywele, inatosha kupitisha maji. Ukiwa umekakamaa, umepasuka au umebaki bapa upande mmoja, badilisha. Ukiwa mzima, upake grisi ya silikoni kidogo tu, uangaze. Usipake mafuta ya mgando yatokanayo na petroli, kwa sababu baadhi ya mipira huvimba na kulegea kwa ajili yake. Mpira mrefu wa kupitishia maji ukiwa umekuwa mgumu mwishoni, kata sentimita 2 au 3 urudishe sehemu laini kwenye kiungio.

Tukiwa hapo, fuatilia kila kitu kinachovuka ukingo wa tangi. Pampu ya hewa iliyowekwa chini kuliko maji, bila valvu ya kuzuia maji kurudi, ni mtego: umeme ukikatika, maji yanaweza kuanza kurudi kwa mrija wa hewa mpaka kwenye pampu na sakafuni. Waya wa hita unaotoka ndani ya maji na kushuka moja kwa moja kwenye soketi unaweza kuleta matone mpaka ndani ya soketi. Uache uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone lidondoke pale chini badala ya kuingia kwenye umeme. Jani la mmea lililolala ukingoni, kitambaa ulichofutia kioo ukakisahau, hata kamba: vyote vinanyonya.

Kamba ndiyo iliyonifedhehesha mimi. Miaka ya nyuma nilikuwa na tangi lililokuwa linapoteza maji, na ukuta wa nyuma wa kabati ulikuwa na doa la maji. Nikaamua kona ya nyuma imeachia. Nikawahamisha samaki, nikakwangua silikoni yote kwa wembe, nikapaka mpya, nikasubiri wiki nzima, nikajaza. Doa likarudi. Nilikuwa nimefunga kipimajoto kwa uzi wa pamba, kipimajoto kimezama na ncha ya pili nimeibandika nyuma ya kioo, chini ya usawa wa maji. Ule uzi ulikuwa unakunywa upande huu na kudondosha upande ule, usiku na mchana, na baada ya ukarabati nilikuwa nimeufunga tena mahali pale pale kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo hata mteja aniambie ameona ufa, nauliza kwanza nini kinavuka ukingo.

Kama chombo kimeonyesha kuna maji yasiyojulikana, kabati ni kavu na hakuna kinachovuka ukingo, ndipo tunakigeukia kioo. Kausha kioo chote kwa nje, bandika vipande vya tishu kwenye kila kona iliyosimama kuanzia juu mpaka chini na kwenye ukingo wa chini kuzunguka pande zote nne. Tena, kilicholowa juu zaidi ndicho cha kutazamwa. Kwa ndani, kagua silikoni ya kona ukitumia tochi: mahali ilipobanduka, mahali mwani umeota kati ya silikoni na kioo, au mahali penye mkato. Mikato hiyo mara nyingi tunaifanya wenyewe kwa wembe tunapokwangua mwani na kuifikia kona kwa bidii iliyozidi. Jasho la nje ya kioo halihesabiki. Hutokea maji yakiwa baridi kuliko chumba chenye unyevu, na tangi lenye hita haliko hivyo.

Tishu zisipokuambia kitu, maji yenyewe yatakuambia. Acha kuongeza maji na weka alama kila asubuhi. Tangi linalovuja kwenye kona hushuka kwa kasi mpaka maji yafike kwenye tundu, kisha kasi inapungua ghafla na kubaki ile ya hewa. Pale kasi ilipobadilika ndipo penye tundu, kwa urefu huo huo, kwenye kona mojawapo. Izime hita na uichomoe kabla haijatokeza juu ya maji, maana kioo chake kikipata moto kikavu kinaweza kupasuka, na usiuendeleze mchezo huu mpaka samaki wabanane. Yakiteremka bila kusita mpaka yakakaribia mchanga, tundu liko chini, na hapo samaki wahame.

Kupaka silikoni kwa nje juu ya sehemu inayovuja, huku tangi limejaa, ni kupoteza siku. Maji yanaisukuma kutoka ndani, na silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani. Kazi yenyewe ni kumwaga maji yote, kukwangua silikoni ya ndani kwenye kona zote, si ile moja tu, kwa kuwa kila mahali mpya inapokutana na ya zamani umeacha mlango. Safisha kioo kwa spiriti, acha kikauke, tumia silikoni tupu isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo inaua samaki. Ile inayonuka siki ni sawa. Harufu ikiisha kabisa ndipo imekaribia kukomaa. Mimi huacha wiki moja, kisha najaza mahali ambapo likivuja halitaharibu kitu, kwa theluthi, nikilala usiku mmoja kwa kila theluthi. Kioo cha chini kikiwa na ufa, sishauri kukiziba. Lita 120 ni kilo 120, na ufa huwa unaendelea.

Siku zote ambazo samaki wako nje, sifongo za filta zikae ndani ya maji ya tangi la zamani yenye mapovu ya hewa, si kwenye maji ya bomba, la sivyo utawaua bakteria wanaosafisha maji na utaanza upya na tangi chafu.

Kwako wewe, nafikiri hatutafika huko. Nadhani hewa inachukua sehemu kubwa ya jagi lako, na filta huenda inachukua kidogo. Anza leo jioni: chombo ndani ya tangi, tishu kabatini. Mfuniko usiurudishe kabla ya saa 48 kwisha, hata kama mkono unawasha, maana ukiurudisha sasa maji yatapungua kasi na hutajua kama uliziba hewa au filta ilijiziba yenyewe. Baada ya hapo tafuta kipande cha kioo au plastiki angavu kinachopitisha mwanga wa hiyo taa mpya, kifunike sehemu kubwa ya tangi na kuacha mwanya wa hewa, kisha pima tena siku mbili. Ikishuka milimita 1 au 2 tu kwa siku na tishu za kabatini ni kavu, acha mlango wa kabati wazi wiki moja, harufu itaondoka. Maji utakayokuwa unarudishia yaondoe klorini kwa dawa yake na yawe na joto la kukaribiana na la tangi, na robo ya maji ya tangi ibadilishe kila wiki mpaka yale madini ya miezi miwili yapungue. Usiyatoe yote kwa mara moja. Samaki wako wameyazoea taratibu, na wayaage taratibu.